Uzi Mmoja Kwenye Maji

Vijana, nianze kwa kuwaambia kwamba nina hasira, asije mtu akadhani bibi huyu amekaa na kikombe chake cha kahawa kuwasimulia mambo ya kale. Nimestaafu, miguu inavimba, na macho hayasomi tena namba zilizochapwa juu ya chipu, lakini hasira ninayo yote. Juzi nilipita Kariakoo kununua ndizi za kupika, nikasimama karibu na meza ya kijana mmoja anayetengeneza vifaa vya umeme. Mteja alikuwa anamweleza habari za televisheni yake: siku nyingine inawaka vizuri, siku nyingine picha inakatikakatika tangu inapowaka mpaka inapozimwa. Kijana hata bisibisi hakushika. Akamwambia, "Mama, ikikuzingua unazima, unawasha. Itakaa poa tu." Mama wa watu akashukuru, akaondoka na ugonjwa wake kama alivyokuja nao.

Nilitaka kumzaba kofi yule kijana. Kwa umri wangu hilo linaruhusiwa, ila nilikuwa nimeshika ndizi.

Mimi ndiye Mama Aika. Kwa miaka mingi nilikuwa na chumba cha kazi kwenye ghorofa moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la vitenge vya jumla, nikitengeneza vifaa vya hospitali. Watu walipanda ngazi wakihema, wakanikuta nimeinamia bodi ya umeme, wakaniuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawaambia fundi ametoka, wamsubiri pale kwenye benchi, kisha naendelea kulehemu. Wengine walikaa muda mrefu kabla ya kuelewa.

Sasa sikilizeni, maana mengi yanayowashinda yako hapa. Kila mtambo wa kidijitali una saa ndani yake. Saa hiyo haina mishale, ni mapigo ya umeme tu, na kila pigo linaiambia bodi: sasa soma, sasa andika. Mtambo mkubwa una bodi kadhaa, na kila bodi hujitengenezea saa yake kwa kufuata saa mama moja. Kinachofanya kazi hiyo ni saketi ndogo tunayoiita PLL, na mkitamka pielieli hakuna atakayewacheka. Inamsikiliza mama yake. Ikijiona inachelewa inajihimiza, ikijiona imetangulia inajizuia, mpaka wanakwenda sambamba. Hapo tunasema imefunga, na kwenye bodi nyingi kitaa cha kijani kinawaka. Kitaa hicho kimewapoteza mafundi wengi kuliko pombe.

Kwa sababu kinasema jambo moja tu: mwendo umekuwa mmoja. Hakisemi mapigo yanaangukia wapi. Tazameni saa zenu za mkononi. Mshale ukiwa kwenye moja mchana, sisi tunasema ni saa saba. Saa ya kizungu na saa yetu zina mwendo uleule, haipitwi hii wala ile, lakini kati yao kuna pengo la saa sita, na tumeishi nalo bila kuumia kwa sababu halibadiliki. Sasa fikirini kama kila asubuhi mngeamka pengo limekuwa jingine, leo sita, kesho tatu, na hakuna wa kuwaambia. Mngekosa mabasi, mngekosa ibada, na bado kila saa ingekuwa inatembea vizuri kabisa.

Hilo pengo marehemu Mzee Nampoto alituzoesha kuliita mpishano. Alikuwa mtu wa Masasi, mfupi, mpole wa sauti, mkali wa kazi, na ndiye aliyetufundisha mimi na Shayo, Mchaga mwenzangu, tulipokuwa bado wageni wa jiji. Siku moja tulimpelekea bodi mbili tukiwa tumekata tamaa. Tukamwambia zote zimefunga, taa zote za kijani zinawaka, lakini taarifa zikitoka bodi hii kwenda ile zinafika zimeharibika. Alishuka chini kwa mama ntilie, akarudi amekumbatia kinu, na mama ntilie nyuma yake na michi miwili na mahindi kwenye ungo.

Akatuamuru tutwange, mimi na Shayo, kinu kimoja, kwa mwendo mmoja, yeye akitupigia makofi ya kutuongoza. Shayo alikuwa amevaa shati jeupe na kujimwagia marashi kwa sababu jioni alikuwa anavuka Magogoni kwenda kumwona binti wa watu Kigamboni. Tukatwanga. Makofi tuliyafuata vizuri, mwendo ulikuwa mmoja, na michi ikagongana ndani ya kinu mpaka mahindi yakaruka kwenye feni na kidole changu gumba kikabanwa. Shayo alipata chenga za mahindi mpaka ndani ya kola. Mzee alituacha tuteseke kwanza.

"Mwendo mnao, wanangu," akasema. "Mpishano hamna."

Akachukua mchi mmoja, mama ntilie akachukua mwingine, wakaanza kupokezana. Wa huyu ukiwa juu, wa yule uko chini, na mahindi yakasagika bila punje kuruka. Akatuambia kwao Masasi mtoto wa kike anajua jambo hili kabla hajavunja ungo, nasi tumekuja na vyeti vyetu hatulijui. Tulicheka sana siku ile. Shayo alichelewa pantoni na yule binti alimnunia, na kwa muda mrefu tukawa tunamtania kuhusu kinu. Nawaomba mkumbuke kwamba Shayo alikuwepo, na mchi aliushika.

Mbinu za kupima sasa, maana sitaki mseme nimewagombeza tu. Osiloskopu, ile mashine yenye kioo cha kuchora mapigo ya umeme, iwe na njia mbili: unaweka saa ya bodi ya kwanza njia ya kwanza, ya bodi ya pili njia ya pili, na picha unaifunga kwenye ile ya kwanza ili itulie. Waya zako mbili za kupimia ziwe na urefu mmoja. Namfahamu fundi wa Ilala aliyetumia waya mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, akaihukumu bodi nzima kuwa mbovu, kumbe mpishano aliouona ulikuwa wa waya zake. Bodi ilitupwa. Nikimkumbuka natamani kumrudisha shule kwa bakora.

Na usipime mara moja ukaridhika. Zima, ngoja kapasita zimalize umeme wake, washa, tazama mapigo ya pili yameangukia wapi. Rudia, na urudie tena. Siku hizi mna simu, basi piga picha kila mara, uzilinganishe. Sisi tulikuwa tunachora alama na kalamu juu ya kioo cha osiloskopu, kisha Mzee anatugombeza kwa kuchafua kioo. Mpishano ukikaa palepale kila unapowasha, hata kama ni mkubwa, unaweza kuufidia. Ukihamahama, una ugonjwa.

Ugonjwa huo mara nyingi unatoka hapa. Saa mama inapiga haraka mno, na bodi inataka nusu ya mwendo huo, basi inachukua pigo moja na kuacha moja. Je, inaanza na lipi? Bodi ya kwanza ikianza na hili, na ya pili ikaanza na linalofuata, zote zina mwendo mmoja, zote zina taa ya kijani, na zimepishana nusu hatua mpaka utakapozizima. Ukiwasha tena ni bahati nasibu upya. Waliounda mitambo walilijua hilo, ndiyo maana humo ndani mtaukuta waya mmoja mwembamba ambao kazi yake ni kuziamsha bodi zote kwa pamoja, zianze na pigo lilelile. Ni waya ambao ukiuona utadhani hauna kazi.

Chini ya ngazi zetu alikuwa anakaa Somoe, mwanamke wa Kilwa, akiuza uzi, zipu na vifungo kwa mafundi cherehani wa jengo letu. Mumewe alikuwa mpagazi sokoni. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na miaka ikapita kimya, kisha mwaka ule ikashika ya tatu. Hakutangaza, lakini jengo zima lilijua, kwa sababu ghafla wale vijana wa vitenge walianza kumbebea maboksi yake bila kuombwa, na mimi kila nikipanda nilikuwa namwachia embe au parachichi.

Mchana mmoja nilimkuta amefunga meza kwa turubai, amekaa kwenye ngazi, kanga imemfunika mpaka usoni. Akaniamkia kama kawaida yake, nikamwitikia, kisha nikakaa karibu naye nikamuuliza kulikoni. Alisimulia kwa sauti ndogo sana. Alikuwa ametoka zahanati ya mtaa wa pili kupigwa altrasaundi, na nesi alimwambia mtoto hana mapigo. Kesho asubuhi arudi asafishwe. Mumewe hajui bado. Alikuwa amekaa pale akitafuta jinsi ya kumwambia.

Nilimshika mkono, nikamuuliza, sijui kwa nini niliuliza, kwenye kioo alioneshwa nini.

"Alisema kuna vivuli viwili, mama, kama pacha walioshindwa kukua," akanijibu. "Katikati peusi. Hamna kitu."

Ile mashine niliifahamu. Haikuwa mpya, ilinunuliwa kwa muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika, na fundi aliyeifufua na kuifunga pale alikuwa Shayo. Kile kichwa kinachopitishwa tumboni kina masikio mengi madogo yaliyopangwa mstari. Nusu ya masikio hupeleka sauti bodi ya kwanza, nusu bodi ya pili, na mashine inajumlisha. Bodi hizo zikipishana nusu hatua, hazijumlishi tena, zinafutana. Kilichopo katikati kinatoweka, na badala yake vinatokea vivuli viwili, kushoto na kulia. Nilikuwa na hofu kwamba pengine najidanganya, na kwamba nampa matumaini ya bure mwanamke aliyekwisha kuumia mara mbili. Basi sikumwambia lolote la mtoto. Nilimwomba uzi wa nailoni, ule wa kushonea mikoba, nikamwambia twende wote.

Nesi mwenye zahanati aliitwa Mwanahawa, mkunga, mtu wa kazi, aliyeianzisha zahanati ile kwa jasho lake. Hakuwa mzembe, na sitaki mmhukumu. Nilimuuliza kama mashine ina tabia yoyote. Akasema ndiyo, siku nyingine inaamka na picha mbaya, na Shayo alimwelekeza kwamba ikifanya hivyo aizime na kuiwasha. Anafanya hivyo, na inatii.

"Unajuaje kwamba ni mbaya?" nikamuuliza.

"Ikiwa mbaya sana naiona."

"Na ikiwa mbaya kidogo?"

Nikamwomba bakuli la plastiki na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu maji ya bomba yana viputo na viputo hudanganya. Nikaupitisha uzi wa Somoe katikati ya bakuli, nikaukaza pande zote mbili kwa plasta, nikauacha ulowe. Kisha nikagusisha kile kichwa juu ya maji. Picha inauonesha uzi kama muwa uliokatwa, kwa hiyo uzi mmoja unatakiwa kuonekana nukta moja. Kwenye kioo zilikuwepo nukta mbili, na kati yake giza. Mwanahawa akasema labda mkono wangu umeyumba. Tukazima, tukangoja, tukawasha. Nukta moja, safi. Tukazima tena, tukawasha. Moja. Tena. Mbili. Uzi ni uleule, maji yaleyale, na zile taa za kijani ndani ya mashine zilikuwa zinawaka kila mara kwa furaha zake.

Tuliendelea mpaka ikaamka vizuri, tukauona uzi ukiwa mmoja, na hapo nikasema asiiguse mtu swichi. Somoe akalala. Mwanahawa akampaka jeli, akaanza kutafuta, na mimi niligeukia ukutani kwa sababu sikuwa na moyo wa kuangalia. Nilisikia tu Somoe akiuliza kile kinachopepesa ni nini. Mwanahawa alimwambia ni moyo wa mwanawe. Nilipogeuka, Somoe alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, tumbo linaruka kwa kilio, na Mwanahawa anamsihi atulie ili asiupoteze ule moyo kwenye kioo.

Nilidhani nesi naye angefurahi. Alimfuta Somoe jeli taratibu, akamsaidia kuvaa, akamwambia akamngoje mumewe na ampe habari njema. Mlango ulipofungwa akakaa kwenye kitanda alichokuwa amelala Somoe.

"Na wale wengine?" akaniuliza.

Nikamuuliza wepi, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Niliowaambia kama nilivyomwambia yeye, Mama Aika. Walirudi kesho yake, nikawasafisha."

Mashine haikumbuki iliamka na pigo lipi. Ukishaizima, hakuna alama inayobaki popote, hata ungekuja na vyombo vyote vya dunia. Wengine bila shaka mimba zao zilikuwa zimeharibika kweli. Wengine hatujui, na hatutajua. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli langu la maji.

Niliifungua mashine jioni ileile. Bodi ya pili ilikuwa imetolewa kwenye mashine nyingine ya jamii hiyohiyo, ila toleo tofauti kidogo, na kwenye toleo hilo ishara ya kuamka inakuja kinyume. Ukiiunganisha bila kuigeuza, bodi inakataa kuwaka. Ule waya mwembamba wa kuziamsha pamoja ulikuwa umekatwa. Haukukatika wenyewe. Ulikatwa kwa koleo, mahali pazuri, na ncha yake ikafungwa utepe ambao mwisho wake umekunjwa kidogo ili fundi atakayekuja aweze kuubandua kirahisi. Ukunjaji ule alitufundisha Mzee Nampoto. Nilikaa sakafuni nikautazama ule utepe, na nilimchukia Shayo kiasi ambacho sikuwahi kumchukia mtu. Kigeuzi cha kurekebisha ile ishara ni kichipu kidogo kuliko ukucha, kinapatikana popote hapo Kariakoo. Nilikifunga, nikaurudisha waya, nikaiwasha ile mashine mpaka Mwanahawa akachoka kuhesabu, na kila mara uzi ulikuwa mmoja.

Kesho yake mchana nilikwenda Feri, maana nilijua Shayo hula samaki pale. Nilimkuta na changu wake wa kukaanga, akanikaribisha, akanisogezea kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Kwanza alisema bodi ilikuwa inakataa kuwaka na muuzaji alikuwa anamharakisha. Kisha akasema waya aliuondoa kwa muda tu, akitafuta nafasi ya kurudi. Kisha akasema nesi alielekezwa cha kufanya, na Mzee Nampoto alikuwa fundi wa enzi nyingine, enzi ambayo mtu alikuwa na muda wa kutwanga mahindi kazini. Alisema hayo huku anachambua miiba. Nikamwambia amalize kula, kwa sababu nesi ana swali, na nimekuja kumchukua akamjibu yeye mwenyewe.

Shayo akasukuma sahani pembeni. Alinawa mikono polepole, akajifuta kwa leso, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea kwa jambo analoliamini.

"Lakini Mama Aika, mashine ile imekaa pale siku zote hizo. Hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika."

"Wangerudi wamembeba nani, Shayo?"